Mizunguko Sitini na Minane

Dada yangu hafungi koki kama watu wengine. Mpe koki ya jikoni, hata ile ya plastiki isiyo na uzito wowote, ataishika kwa vidole vitatu na kuizungusha kidogo kidogo mpaka mkondo uwe uzi, uzi uwe matone, na matone yaishe. Wewe umesimama nyuma yake na sufuria chafu mkononi, unasubiri zamu. Ukimwambia, "Dada, ni koki tu hiyo," atakujibu bila kugeuka, "Nyuma yake kuna bomba." Watoto wake wamerithi ugonjwa huo huo, na mimi mama yao mdogo huwacheka kila wakinawa mikono.

Kazini wanamwita Bi Taratibu. Ana miaka thelathini na mmoja katika idara ya maji, na kwa zaidi ya ishirini kati ya hiyo ndiye anayefunga na kufungua valvu kubwa za mji wetu. Mimi ni fundi cherehani. Mikono yangu ni myepesi na mdomo wangu ni mwepesi zaidi, na wanaotufahamu hujiuliza kama kweli tumetoka tumbo moja. Nayaandika haya kwa sababu mwaka huu, kwa mkono wangu mwenyewe, nusura nimfukuzishe kazi.

Aliingia pale kama mfagiaji. Siku moja alikuwa anapiga deki chumba cha mitambo, umeme ukakatika, pampu zikazima. Kukawa kimya kidogo. Kisha bomba nene kama kiuno cha mtu mzima likaruka kutoka pale lilipolazwa, likaigonga meza ya chuma na kuisukuma hadi ukutani. Wenzake wawili walitoka mbio, mmoja ameacha kiatu. Dada alibaki amesimama na fagio lake, akamuuliza mhandisi wa zamu:

"Nani amelipiga?"

"Maji."

"Maji si yalikuwa yanakwenda zake?"

"Ndiyo. Yakasimamishwa ghafla."

Jibu hilo lilimkaa kichwani. Alilisimulia mezani siku hiyo hiyo, chakula kinapoa. "Maji ya kwenye ndoo ni ya kunywa tu," alituambia. "Lakini yakiwa yanatembea ndani ya bomba refu, kutoka tangi la juu mpaka huku chini, ni mzigo wa tani zaidi ya mia unateremka kilima. Ukiyafungia mlango ghafla, yale ya nyuma hayana habari. Yanaendelea kuja." Baba akamwambia yeye ana habari kwamba ugali unapoa, ale. Tulicheka sana. Yeye hakucheka, na tangu siku hiyo hakuacha kuuliza maswali.

Akaomba afundishwe kufunga valvu. Msimamizi wa wakati ule akamtazama mikono, akamwambia kazi ile inataka misuli. Dada akamjibu kwamba misuli ndiyo iliyopasua bomba la mtaa wa sokoni mwezi uliopita. Misuli hiyo ilikuwa ya msimamizi mwenyewe. Wiki iliyofuata akamkabidhi ufunguo, ule wa chuma wenye mpini wa kushika kwa mikono miwili, unaofika kifuani ukiusimamisha. Nadhani alitaka aone atashindwa lini.

Valvu kubwa kuliko zote iko kwenye chemba, shimo lenye mfuniko wa chuma, kando ya barabara ya mteremko. Kuifunga kunataka mizunguko sitini na minane. Sasa sikiliza anavyofanya, maana hapo ndipo kila mtu anapomwelewa vibaya. Mizunguko hamsini ya kwanza anaizungusha vizuri tu, hata kwa haraka, kwa sababu maji hayaisikii. Mlango wa valvu ukifungwa nusu, maji yanabanana kidogo na kupita. Ni ile kumi na minane ya mwisho inayoyakaba. Hapo Bi Taratibu hupunguza mwendo. Anazungusha mara moja, anasimama, anaweka kiganja kwenye bomba, anasikiliza, anazungusha tena. Mpita njia huona mama amekaribia kumaliza halafu amechoka. Madereva humpigia kelele, "Mama, bado kidogo tu, malizia!" Hawajui kwamba hiyo kidogo ndiyo kazi yenyewe.

Na anahesabu kwa sauti. Akiwa anahesabu, usimsalimu. Mjomba wetu aliwahi kupita, akasema, "Hujambo, binti yangu?" akajibiwa, "Arobaini na mbili." Alikwenda moja kwa moja kwa mama kushtaki kwamba mtoto wake mkubwa amekosa adabu.

Lakini katika miaka yote hiyo hakuna bomba lililopasuka mkononi mwake. Hilo alikuwa analijua, na alikuwa anatembea kama mtu anayelijua. Nami nilijivunia, hata kama nilikuwa namcheka.

Duka langu liko mwisho wa mteremko ule ule, ngazi tatu chini ya usawa wa barabara. Nina cherehani tatu, meza ya kukatia, kioo kirefu, na pazia la wateja kupimia nguo. Alhamisi ile, ukuta mzima wa kushoto ulikuwa umejaa sare za wanafunzi wa chuo cha uuguzi. Zilikuwa arobaini, nyeupe, zina mkanda na mifuko miwili, na kila mfuko niliushona mara mbili kwa kuwa wauguzi hutia mifukoni kila kitu. Wiki sita nilikuwa nazikalia. Kesho yake asubuhi walikuwa wanakuja kuzichukua, maana mchana wanahitimu. Nilikuwa nimebakiza vifungo vya sare tatu.

Saa nane mchana, mafundi waliokuwa wanachimba barabarani kufukia nyaya waliligonga bomba kwa mashine yao. Nilisikia kishindo, kisha sauti kama mvua kubwa inayotoka chini. Nilitoka mlangoni. Maji yalikuwa yamesimama wima juu ya barabara, yamepita paa la ghorofa ya mbele, na yalipokuwa yanaanguka yalikuwa yanaanguka na kokoto. Lami ilikuwa inabanduka vipande vipande. Fundi mmoja alijaribu kuvuka, maji hayajamfika hata magotini, yakamzoa miguu na kumlaza chini akateleza hadi kwenye nguzo. Kumbe maji ya mwendo hayahitaji kina. Nami nikiwa bado namtazama, yakaiona ngazi yangu.

Yaliingia dukani yakiwa na matope na kasi. Meza ya kukatia, ambayo wanaume wawili huinyanyua kwa kuhema, ilijisogeza yenyewe. Nikapiga simu, mara ya tano ndipo akapokea.

"Dada! Bomba la mteremko limepasuka, maji yako dukani kwangu!"

"Nimeshaambiwa. Niko chemba. Kumi na nane." Alikuwa ameweka simu ukingoni na kuwasha spika, nilisikia chuma kikilia. "Zima umeme, utoke. Kumi na tisa."

"Funga haraka!"

"Ishirini. Toka dukani."

Nilizima umeme, lakini sikutoka. Nilianza kuzipandisha sare juu ya kabati, kumi kumi, maji yakivuta gauni langu. Zile za kwanza zilikaa. Kabati likaanza kuyumba. Nikampigia tena, na sasa sikuwa naongea, nilikuwa napiga mayowe.

"Yamefika mapajani! Dada, funga hicho kitu!"

"Uko wapi?"

"Ndani! Sitoki bila sare zangu, unasikia? Sitoki!"

"Hamsini na tatu, toka, hamsini na nne, hamsini na tano..."

Nilikata simu. Nilishahesabiwa vya kutosha siku hiyo. Kabati likaanguka, sare zikaanguka nalo, na nilipoziona zimelala kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, akili yangu ikaruka. Nilipanda ngazi kwa kushika ukuta, nikatoka, nikaupanda mteremko mbio, miguu peku, nimelowa mpaka kichwani. Nilikuwa na wazo moja tu, kwamba kama dada yangu hawezi kufunga, mimi nitafunga.

Nilimkuta peke yake kwenye chemba. Kofia imemwanguka, jasho linamtiririka. Aliponiona alishusha pumzi ndefu, akaacha kuzungusha kabisa. Akasimama tu ananitazama.

"Mbona umesimama?"

"Hamsini na tisa," akasema.

"Imebaki tisa tu! Zungusha!"

"Kaa kando, mdogo wangu. Tisa hii tutakwenda nayo taratibu."

Taratibu! Nilimtukana. Sitayaandika maneno yenyewe kwa kuwa mama yetu anajua kusoma. Nilidaka upande mmoja wa mpini, nikasukuma kwa nguvu zangu zote, na miaka ishirini ya kubeba vitambaa si haba. Ufunguo ukamponyoka upande wake. Nikazungusha mara moja, ya pili, ya tatu.

Kitu kikagonga. Sikukisikia kwa masikio kwanza, nilikisikia kwenye nyayo. Kilikuja kutoka juu ya kilima, kikapita chini yetu, na mfuniko wa chemba, ule wa chuma uliokuwa umelazwa pembeni, ukaruka na kutua. Mpini ukanipiga viganja kama mtu aliyenizaba makofi. Nikauachia.

"Umesikia?" dada akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Kisha akafanya jambo ambalo nilidhani sitamsamehe maisha yangu yote. Aliushika ufunguo na kuurudisha nyuma. Akafungua. Mizunguko miwili mizima, mbele ya macho yangu, na duka langu linazama.

"Wodi ya wazazi iko juu pale," alisema, "na bomba limepita chini ya ukuta wake. Ni la zamani kuliko sisi. Shika hapa pamoja na mimi. Usisukume, fuata tu."

Sijui kwa nini nilishika. Labda nilikuwa naogopa ule mgongano usirudi. Tulizungusha pamoja, yeye anahesabu, mimi nalia. Mizunguko iliyobaki ilituchukua dakika kumi na moja. Tulipofika sitini na nane, sauti ya maji kule chini ilikuwa imekwisha, na dukani kwangu yalikuwa yamefika kifuani.

Sare zote arobaini ziliharibika. Tope lile lilikuwa na lami ndani yake, halikutoka kwa sabuni wala kwa dawa. Wanafunzi walihitimu na nguo zao za mazoezi, zilizopauka, na nilipopita mbele ya chuo niliwaona wamepanga mstari wanapigwa picha. Mmoja alinipungia mkono. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Nilirudi nyumbani nikaandika barua kwa meneja wa idara ya maji. Niliandika kwamba mfanyakazi wao alichelewa kufunga valvu kwa makusudi, na kwamba aliifungua tena huku akijua duka la mwananchi linazama. Niliandika jina lake kamili. Juu ya mizunguko yangu mitatu sikuandika chochote, nami nilijiambia kwamba barua haikuwa na nafasi.

"Umemshtaki dada yako kwa maandishi?" mama aliniuliza.

"Nimemshtaki mfanyakazi wa idara ya maji."

"Na huyo mfanyakazi alikubeba mgongoni ulipokuwa na surua?"

Idara ilimnyang'anya dada ufunguo siku ile ile barua ilipofika, ikamweka stoo ahesabu mita mbovu mpaka kikao kiketi. Meneja mwenyewe aliniambia kwa simu kwamba kosa likithibitika, Bi Taratibu hatagusa valvu tena, na huenda akaondoka kabisa. Nilisema sawa. Usiku ule nililala vizuri, usiku uliofuata vibaya, na ule wa tatu sikulala kabisa. Dada hakunipigia simu kunigombeza. Shemeji ndiye aliyekuja, akanisaidia kutoa matope dukani siku nzima, akanywa chai, akaondoka bila kulitaja jambo lenyewe. Nilitamani hata anifokee.

Kikao kiliketi siku ya tisa. Kilikuwa chumba kidogo chenye feni inayopiga kelele, meza moja, viti vya plastiki, na kabati la mafaili lisilofungika. Meneja alikaa katikati na mhandisi kulia kwake. Mimi na dada tulikaa upande mmoja kwa sababu viti vilikuwa vinne tu. Alikuwa amevaa gauni nililomshonea mwenyewe mwaka juzi. Nililitazama pindo lake, limekaa vizuri, nikatazama pembeni.

Meneja alisoma barua yangu kwa sauti. Ikisomwa na mtu mwingine ilikuwa mbaya kuliko nilivyoiandika. Kisha akasoma majibu ya dada, na hayo yalikuwa mistari minne. Yalisema kwamba valvu ilifungwa kwa dakika ishirini na saba. Kwamba mizunguko mitatu, kuanzia wa sitini hadi wa sitini na mbili, ilikwenda haraka mno, na miwili ikarudishwa ili kupunguza presha. Kwamba kosa hilo ni lake na hana utetezi.

Mhandisi akafungua karatasi ya duara, ile ambayo kalamu ya mashine huichora presha ya bomba mchana na usiku. Mstari ulikuwa unazunguka vizuri, halafu ukaruka juu kama jino. "Saa nane na dakika ishirini na nne," alisema, akiweka kidole. "Juzi tumechimba pale wodi ya wazazi. Kiungio kimesogea upana wa kidole. Bado kidogo tu kingeng'oka, na maji yangetokea chini ya ukuta wenye vitanda kumi na viwili. Tunashukuru valvu iliregezwa pale pale. Lakini aliyezungusha vile hapaswi kushika ufunguo. Bi Taratibu, wewe unajua hilo kuliko sisi."

"Najua," dada alisema.

Nilimgeukia. Alikuwa anatazama meza, mikono ameiweka mapajani, na nilijua kwamba atatoka mle bila kazi na hatasema neno, na Jumapili atakuja kula kwangu kama kawaida.

"Si yeye," nikasema. Nikasimama, sijui kwa nini, chumba chenyewe hakikuwa na nafasi ya kusimama. "Ni mimi. Nilimpokonya ufunguo, nikazungusha mara tatu. Yeye ndiye aliyerudisha. Barua yangu ina uwongo, au niseme imeacha ukweli nje, ni kitu kimoja."

"Kaa chini wewe," dada alisema.

"Sikai."

Meneja aliniuliza kama niko tayari kuyaandika hayo na kuweka sahihi, nikamwambia alete kalamu kabla sijabadilisha mawazo, nikaandika pale pale na jina langu kamili. Alisoma, akagonga muhuri. Akasema malalamiko yamefutwa, na kwamba ufunguo utakuwa ofisini kwa msimamizi kuanzia kesho asubuhi, Bi Taratibu aufuate. Dada aliitikia kwa kichwa tu. Mimi ndiye niliyepumua.

Tulikuwa tunainuka mhandisi aliposema, "Samahani. Kuna hii nyingine ndogo." Alikuwa bado ameinamia karatasi yake. Kabla ya lile jino kubwa kulikuwa na kivimbe kidogo, ambacho mimi nisingekiona. "Saa nane na dakika ishirini na moja. Mdogo wako alikuwa hajafika, siyo? Hii ilikuwa nini?"

Dada alikaa tena. Kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona ameona haya.

"Hiyo ni yangu," alisema. "Hamsini na tatu mpaka hamsini na tisa. Niliikimbiza."

"Wewe?" meneja akauliza. "Miaka yote hii hujawahi. Kwa nini?"

"Alikuwa ndani bado." Alinionyesha kwa kidevu, bila kunitazama. "Aliniambia kwenye simu hatoki, na yeye akisema hatoki, hatoki kweli. Nikasema wodi Mungu ataitazama. Halafu nikamwona anapanda mteremko, miguu peku, ananitukana. Ndipo nikapunguza."